Kwa Nini Soul na Pop za Miaka ya 1980 Hazijaondoka Masikioni

Swali: Msomaji wa Morogoro anaandika: "Nilikuwa kijana miaka ya themanini, na hadi leo nyimbo za Marvin Gaye, Michael Jackson, Whitney Houston na Janet Jackson ndizo ninazopiga nyumbani. Binti yangu, aliye chuoni, huniambia kwamba naupenda ujana wangu tu, si muziki wenyewe. Lakini nikisikiliza nyimbo anazopiga yeye kwenye simu yake, nasikia sauti zilezile. Je, muziki ule umeacha athari ya kweli, au ni kumbukumbu inayonidanganya? Kama athari ipo, ipo mahali gani hasa, na nisikilize nini ili niisikie?"

Jibu: Ndugu msomaji, binti yako hajakosea kabisa. Wimbo uliomkuta mtu akiwa na miaka kumi na sita humganda kwa namna ambayo wimbo uliomkuta akiwa na arobaini hauwezi, na kila kizazi huamini kwamba muziki mzuri ulikoma siku kilipofunga ndoa. Hata hivyo hoja yake haitoshi, kwa sababu haielezi kwa nini yeye mwenyewe, ambaye wakati ule hakuwa amezaliwa, anavutiwa na sauti hizo. Kwa maoni yangu athari ya muziki ule haimo sana katika mavazi, mitindo ya nywele wala hata katika tuni zake. Imo katika namna ya kutengeneza wimbo. Kati ya mwaka 1980 na 1988 hivi, waimbaji waliolelewa na kwaya za makanisa ya Wamarekani weusi walikutana na mashine za ngoma na vinanda vya elektroniki, na utaratibu wa kazi uliozaliwa hapo ndio unaofuatwa hadi leo karibu katika kila studio, iwe ya Los Angeles, Lagos au Sinza.

Soul, muziki wa Wamarekani weusi wenye mizizi katika uimbaji wa kanisani, katika miaka ya 1970 ilikuwa kazi ya watu wengi. Rekodi iliyotoka katika studio ya Sigma Sound, mjini Philadelphia, ilihitaji mpiga ngoma, mpiga besi, wapiga gitaa kadhaa, tarumbeta, saksafoni na mara nyingi safu nzima ya fidla, na wote hao walipaswa kulipwa. Kisha disko, aliyekuwa mtoto wa soul hiyo, akaporomoka Marekani kwa ghafla. Usiku wa tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, sanduku la santuri za disko lililipuliwa kati ya mechi mbili za besiboli, umati ukavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Lilikuwa tukio la kihuni, na wengi wameona ndani yake chuki dhidi ya watu weusi, Walatino na mashoga ambao ndio waliouzaa muziki ule. Lakini kwa kampuni za rekodi lilikuwa onyo la kubana matumizi, na mzigo wa kwanza kuonekana mzito ulikuwa ule wa bendi kubwa.

Wakati huohuo mashine zilikuwa zinaingia sokoni. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1, mashine ya ngoma ya kwanza kuuzwa ikiwa na milio iliyorekodiwa kutoka ngoma halisi. Iligharimu karibu dola 5,000 na zikatengenezwa takriban 500 tu, lakini zilifika mikononi mwa watu waliojua la kufanya nazo. Linn aliweka ndani yake mambo mawili ambayo leo yamo katika kila programu ya kutengenezea muziki: uwezo wa kunyoosha pigo lililowahi au kuchelewa ili likae mahali pake, na uwezo wa kulisogeza kidogo kwa makusudi ili mdundo uyumbe kibinadamu. Mwaka huohuo kampuni ya Roland ya Japani ikatoa TR-808, iliyokuwa ya bei nafuu zaidi na isiyokuwa na mlio halisi hata mmoja. Ngoma zake zote zilizalishwa na saketi za umeme, na ngoma yake kubwa ilivuma chini sana na kwa muda mrefu kuliko ngoma yoyote ya ngozi. Wapiga ngoma wengi waliidharau. Roland iliacha kuitengeneza mwaka 1983 baada ya kutoa kama 12,000, nazo zikaanza kuuzwa kwa bei ya mitumba, na hapo ndipo vijana wa rap waliokuwa hawana fedha ya kukodi bendi walipoziokota. Mashine iliyoshindwa sokoni ndiyo iliyokuja kuwa sauti ya miaka arobaini iliyofuata.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Marvin Gaye. Mwaka 1981 alikuwa amechoka, anadaiwa kodi na serikali ya Marekani, na uhusiano wake na Motown, kampuni ya rekodi iliyoanzia Detroit, umekwisha kuharibika. Promota mmoja wa Ubelgiji, Freddy Cousaert, alimchukua akakae Ostend, mji wa pwani ya Bahari ya Kaskazini, mahali ambapo pengine hakuna mtu angetafuta soul. Huko, bila bendi ya Detroit wala fidla, akiwa na mpiga kinanda Odell Brown, mpiga gitaa Gordon Banks na TR-808, alitengeneza "Sexual Healing". Wimbo ulitoka mwaka 1982 chini ya kampuni ya rekodi ya Columbia, ukakaa wiki 10 katika nafasi ya kwanza ya chati ya muziki wa watu weusi ya Marekani, na mapema mwaka 1983 ukampa tuzo zake za kwanza za Grammy, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kazi. Tarehe 1 Aprili 1984 aliuawa kwa risasi na baba yake mzazi.

Usikilize wimbo huo kwa makini utambue kilichobadilika. Kanisani, na katika soul ya zamani, mpiga ngoma humfuata mwimbaji: mwimbaji akipandisha, bendi nzima hupanda naye, na kasi huongezeka bila mtu kuamuru. TR-808 haimfuati mtu. Hupiga vilevile kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hisia zote hulazimika kubebwa na sauti, na hasa na umbali uliopo kati ya sauti na pigo. Hapa Gaye anachelewa, pale anatangulia, na katikati inabaki nafasi tupu ambayo miaka kumi kabla ingejazwa na fidla. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba mashine ziliiua soul. Mimi naona kwamba zilimvua mwimbaji nguo: aliyekuwa na sauti na akili ya kuitumia alionekana wazi zaidi, na asiyekuwa nayo akaonekana vilevile. R&B yote ya baadaye, hadi hii ya sasa inayonong'onwa juu ya besi nzito na ukimya mwingi, ilianzia katika nafasi hiyo tupu.

Karakana kubwa ya mtindo huu haikuwa New York wala Los Angeles, bali Minneapolis, mji wa baridi kali ambao hapo kabla haukuhesabiwa katika ramani ya muziki wa watu weusi. Mwanamuziki wa mji huo, Prince, aliichukua LM-1 akabadilisha milio yake, akaishusha, akaipitisha katika vifaa vya gitaa, mpaka ikawa haifanani tena na ngoma; kisha mwaka 1984, katika "When Doves Cry", akaiondoa besi kabisa. Wimbo wa dansi usio na besi ulikuwa jambo la kushangaza, na bado ulikaa wiki 5 katika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Bendi iliyokuwa chini yake, The Time, ilikuwa na vijana wawili, Jimmy Jam na Terry Lewis, walioanza kuwatengenezea nyimbo watu wengine pembeni. Mwaka 1983 walikwenda Atlanta kurekodi na The S.O.S. Band, dhoruba ya theluji ikawazuia kurudi, wakakosa onyesho, na Prince akawafukuza. Wimbo waliokuwa wakiufanyia kazi na bendi hiyo kipindi hicho, "Just Be Good to Me", umejengwa juu ya TR-808, na mimi huuona kuwa miongoni mwa nyimbo zilizoigwa zaidi za kipindi kile, ingawa hautajwi sana. Miaka mitatu baadaye Janet Jackson, akiwa na miaka 19, aliwafuata Minneapolis, nao wakatoa naye albamu ya "Control". Kabla ya hapo alikuwa binti wa familia maarufu aliyeimba alichopewa. Jam na Lewis walianza kwa kukaa naye na kuzungumza, kisha mazungumzo yale wakayageuza kuwa mashairi, na chini yake wakaweka ngoma kali za mashine zilizo mbele kabisa ya kila kitu. Mwimbaji wa kike anayeeleza maisha yake mwenyewe kwa ukali juu ya biti ngumu ni jambo la kawaida leo kiasi kwamba hatukumbuki kuwa lilikuwa na mwanzo.

Jambo ambalo wasikilizaji hawalisikii, lakini ambalo bila shaka ndilo lililodumu kuliko yote, ni mkataba wa kiufundi uitwao MIDI. Kabla yake kinanda cha kampuni moja hakikuweza kuzungumza na mashine ya kampuni nyingine. Dave Smith wa Sequential Circuits, Marekani, na Ikutaro Kakehashi wa Roland, Japani, walishawishi kampuni shindani zikubali lugha moja, na mnamo Januari 1983 vinanda vya kampuni hizo mbili viliunganishwa kwa waya hadharani vikapiga kwa pamoja. Tangu hapo mtu mmoja chumbani aliweza kuongoza ala kumi. Prodyuza wa Dar es Salaam au Nairobi anayebonyeza kinanda kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta anatumia mkataba uleule, na toleo lake la pili lilipitishwa mwaka 2020 tu.

Mwaka huohuo wa 1983 Yamaha ilitoa DX7, iliyotumia njia ya kuzalisha sauti iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford. Piano yake ya umeme, yenye mlio wa kengele, iliingia katika nyimbo taratibu za mapenzi hadi ikawa kero. Hapa lazima niseme ukweli wangu: nyimbo nyingi za aina hiyo zimechuja, na kinachoziokoa ni waimbaji. Whitney Houston, aliyeanzia katika kwaya ya New Hope Baptist Church mjini Newark, Anita Baker na Luther Vandross wangeweza kuimba juu ya chochote.

Wapo wanaodai kwamba nguvu ya miaka ile ilikuwa picha na si sauti. MTV, kituo cha televisheni cha Marekani cha video za muziki, ilianza tarehe 1 Agosti 1981, mwanzoni ikawapa nafasi finyu sana wasanii weusi, na mwaka 1983 video za Michael Jackson zikaufungua mlango huo. Hoja hiyo ina uzito kwa Marekani, lakini kwetu inayumba. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Ukiacha wachache waliokuwa na deki za video, watu walizijua nyimbo hizo kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka kaseti nyingine, mara nyingi bila kujua sura ya mwimbaji. Bado zilishika. "Thriller", albamu ya Jackson iliyotoka mwishoni mwa Novemba 1982, inasimama kwa masikio pekee kwa sababu ya kazi ya mtayarishaji Quincy Jones, fundi wa sauti Bruce Swedien na mtunzi Mwingereza Rod Temperton. Katika "Billie Jean" mdundo wa mashine umeunganishwa na mpiga ngoma wa kweli, aliyepiga kwa nidhamu ya mashine lakini kwa mkono wa mtu, na mchanganyiko huo ni mgumu kuuiga hata sasa.

Mpiga ngoma huyo alikuwa Leon Chancler, aliyejulikana kwa jina la Ndugu, naye alitoka katika kizazi cha wanamuziki weusi wa Marekani walioanza kujipa majina ya Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kiswahili kimejificha sehemu nyingi katika muziki huu, mara nyingine kwa namna ya kuchekesha. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, nyota wa Marekani walipokusanyika Hollywood kurekodi "We Are the World", Stevie Wonder alipendekeza uwekwe mstari wa Kiswahili. Yakazuka mabishano, mwimbaji wa muziki wa country Waylon Jennings akaondoka, na ikabidi wakumbushwe kwamba watu wa Ethiopia, waliokuwa wakichangiwa, hawazungumzi Kiswahili. Mwaka 1987 Michael Jackson alimtumia Letta Mbulu wa Afrika Kusini kunena maneno ya mapenzi ya Kiswahili mwanzoni mwa "Liberian Girl", wimbo kuhusu msichana wa Liberia, nchi iliyo mbali mno na pwani yetu. Deni jingine lilikuwa zito zaidi: kibwagizo cha mwisho cha "Wanna Be Startin' Somethin'" kilitokana na "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Kamerun, iliyotoka mwaka 1972, na Dibango alilazimika kudai haki yake kabla ya kulipwa.

Kuhusu athari katika nyimbo za baadaye, kuna njia mbili, nazo zote zinafika hadi kwenye simu ya binti yako. Ya kwanza ni muundo. Mwaka 1984 Chaka Khan alirekodi "I Feel for You", wimbo uliotungwa na Prince, akiwamo Stevie Wonder kwenye kinanda cha mdomo na Melle Mel akifungua kwa rap. Kuunganisha sauti ya soul na mashairi ya rap katika wimbo mmoja wa redio kulionekana kama mchezo wa mara moja. Leo nusu ya Bongo Fleva imejengwa hivyo, mmoja anachana na mwingine anaimba kiitikio.

Njia ya pili ni kuchukua kipande cha rekodi ya zamani na kukijenga upya. James Mtume wa Philadelphia, aliyekuwa mpiga ngoma za mkono wa Miles Davis miaka ya 1970, alitoa na kundi lake wimbo "Juicy Fruit" mwaka 1983, wenye mdundo wa mashine ulio mtupu na mzito. Mwaka 1994 The Notorious B.I.G. aliuchukua karibu mzima kutengeneza "Juicy", na tangu hapo vijana wengi duniani wanaujua mdundo huo bila kumjua Mtume. Mahakama ya New York ilikuwa imeamua mwaka 1991, katika kesi iliyomhusu rapa Biz Markie, kwamba kuchukua kipande bila ruhusa ni wizi, kwa hiyo athari ninayoizungumzia imeandikwa pia katika mikataba: mwenye wimbo wa zamani hutajwa na hulipwa. Watunzi wa bendi ya Marekani ya The Gap Band waliongezwa katika orodha ya watunzi wa "Uptown Funk" ya Mark Ronson na Bruno Mars mwaka 2015, kwa sababu ya wimbo wao wa 1979.

Mnyororo mmoja wa aina hii unatuhusu zaidi, ingawa unaegemea pop kuliko soul. Mwaka 1981, huko Montreux, Uswisi, bendi ya Queen na David Bowie walirekodi "Under Pressure". Mmoja wa waimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1946. Mwaka 1990 besi ya wimbo huo ilichukuliwa na Vanilla Ice katika "Ice Ice Baby", na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir wa Dar es Salaam aliutia wimbo huo mashairi ya Kiswahili, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuwaonyesha wasikilizaji wetu kwamba rap inaweza kusimama kwa lugha hii. Kwa hiyo katika mzizi mmoja wa rap ya Kiswahili kuna besi ya mwaka 1981, iliyopigwa nyuma ya mwimbaji mzaliwa wa Zanzibar.

Umeuliza usikilize nini. Anza na "Sexual Healing", uisikilize ngoma peke yake mara ya kwanza na sauti peke yake mara ya pili. Fuata na "Just Be Good to Me", kisha "What Have You Done for Me Lately" ya Janet Jackson, uone jinsi nafasi tupu inavyozidi kuwa kali. Kutoka hapo ruka hadi "808s & Heartbreak", albamu ya Kanye West ya mwaka 2008, ambayo hata jina lake linataja mashine ile ya Roland, na umalizie na "Blinding Lights" ya The Weeknd, ya mwaka 2019, ambayo jarida la Billboard liliipa mwaka 2021 nafasi ya kwanza katika orodha yake ya nyimbo zilizofanikiwa zaidi katika historia ya chati ya Hot 100. Mwendo wake, vinanda vyake na ngoma zake zote ni za miaka ya 1980, na umetengenezwa na watu ambao baadhi yao walikuwa watoto wakati huo au hawakuwa wamezaliwa. Usizisikilize kwa spika ya simu, kwa kuwa haiwezi kutoa mivumo ya chini ya TR-808 na nusu ya ninayoyaeleza hapa yatapotea. Tumia redio yenye spika kubwa au vipokea sauti vya kuvaa kichwani, na usipandishe besi kwa kitufe, maana imekwisha kuwekwa ya kutosha na waliorekodi.